Usipoziba Ufa: Kufundisha Sababu za Kupona kwa Tabaka la Ozoni

Utangulizi

Katika mojawapo ya ziara zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa la sita tukimsikiliza mwanachuo akifundisha habari za tabaka la ozoni. Somo lilikuwa limeandaliwa vema. Mchoro wa dunia ulikuwa ubaoni, tabaka lenyewe lilichorwa kwa chaki ya buluu, na tundu lililo juu ya Antaktika lilionyeshwa waziwazi. Mwishoni mwanachuo alieleza kwamba tundu hilo limeanza kupungua. Hapo mtoto mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, nani analiziba?" Mwanachuo alisita kidogo, kisha akajibu: "Linajiziba lenyewe." Kengele ikalia, na somo likaishia hapo.

Tulipokaa naye baadaye chini ya mwembe, tuligundua kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Sisi wakufunzi tulikuwa tumemfundisha namna ya kueleza uharibifu, lakini hatukumwonyesha namna ya kueleza kupona. Jambo hili si dogo. Mtoto aambiwaye kwamba kilichoharibika hujitengeneza chenyewe hujifunza kwamba hapana haja ya mtu yeyote kufanya lolote. Naye aambiwaye habari za uharibifu tu hujifunza kukata tamaa. Wote wawili wamenyimwa sehemu ya somo iliyo muhimu zaidi, yaani sababu.

Kusudi la makala haya ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi aweze kulijibu swali la mtoto yule. Tutaanza na maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo, kisha tutaeleza jinsi sababu za kupona zilivyothibitishwa, na mwisho tutapendekeza hatua za kufuatwa darasani.

Tabaka la ozoni na maradhi yake

Ozoni ni gesi ambayo kila molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni, ambapo oksijeni tunayoivuta ina atomu mbili tu. Sehemu kubwa ya ozoni, kiasi cha asilimia 90, imo katika stratosfea, yaani lile eneo la angahewa lililo juu ya mawingu ya mvua. Iko kwa wingi zaidi kati ya kilomita 15 na 35 kutoka usawa wa bahari. Ijapokuwa tunaiita tabaka, ozoni ni haba sana. Kama yote iliyo juu ya vichwa vyetu ingeshushwa hadi ardhini na kukusanywa pamoja, ingekuwa na unene wa milimita 3 hivi. Hata hivyo uchache huo hutukinga na sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo ikizidi huunguza ngozi, huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na hudhuru mimea pamoja na viumbe vidogo vya baharini.

Yafaa mwalimu akumbuke kwamba ozoni hutengenezwa na kuvunjwa kila siku. Mionzi ya jua huigawa oksijeni ya kawaida kuwa atomu mojamoja, na kila atomu ikiungana na molekuli ya oksijeni, ozoni hupatikana. Ozoni hiyo nayo huvunjika. Kwa hiyo kiasi kilichopo angani ni kama maji katika pipa linalojazwa kwa juu huku likivuja kwa chini. Kinachoingia kikilingana na kinachotoka, kimo cha maji hakibadiliki.

Katika karne ya 20 binadamu alilitoboa pipa hilo tundu jingine. Kuanzia mwaka 1928 wanakemia wa Marekani walitengeneza gesi za klorofluorokaboni, ambazo kwa kifupi huitwa CFC. Zilipokewa kwa furaha, na kwa haki, kwa kuwa haziwaki moto wala hazina sumu kama zile zilizotumika kabla yake katika majokofu. Baadaye zilitiwa pia katika viyoyozi, katika makopo ya kunyunyizia manukato na dawa za wadudu, na katika utengenezaji wa sponji. Lakini ule uthabiti wao uliopendwa ndio uliokuwa hatari. Gesi hizo haziyeyuki katika mvua wala hazivunjiki karibu na ardhi. Hupanda polepole kwa miaka mingi hadi stratosfea, na huko mionzi mikali huzipasua na kuifungua klorini iliyomo ndani yake.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha California, mjini Irvine, walieleza kwamba klorini hiyo ingeivunja ozoni. Walionyesha kwamba klorini ni kichocheo: huvunja molekuli moja, kisha hubaki huru na kuiendea nyingine, hata atomu moja ikaweza kuharibu maelfu mengi ya molekuli za ozoni. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Paul Crutzen.

Ushahidi wa kutisha ulikuja mwaka 1985. Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wanasayansi wa Uingereza, walitangaza vipimo vya kituo cha Halley huko Antaktika, mahali palipopimwa ozoni tangu miaka ya 1950. Wastani wa mwezi Oktoba ulikuwa umepungua kwa kadiri ya theluthi moja. Katika miaka iliyofuata tundu hilo liliendelea kupanuka, na katika siku zake mbaya kabisa eneo lake limekaribia ukubwa wa bara zima la Afrika.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini tundu liko Antaktika, mahali pasipo na viwanda. Jibu ni baridi. Gesi za CFC zimeenea duniani kote, lakini majira ya kipupwe ya huko huleta baridi kali kupita nyuzi 78 chini ya sifuri katika stratosfea. Hapo hutokea mawingu ya barafu ya namna ya pekee, na juu ya chembe zake klorini iliyokuwa imefungwa hugeuka kuwa kali. Jua linaporudi mwezi Agosti na Septemba, uharibifu huanza kwa kasi.

Sababu za kupona

Sababu ya kwanza na iliyo kuu ni kwamba binadamu aliacha kumwaga angani gesi ziletazo klorini na bromini. Uamuzi huo ulifanywa hatua kwa hatua. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku CFC katika makopo mengi ya kunyunyizia. Mwaka 1985 ulitiwa sahihi Mkataba wa Vienna. Tarehe 16 Septemba 1987 ikafuata Itifaki ya Montreal, ambayo nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya ziliitia sahihi siku hiyo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Mazungumzo hayo yaliongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, chini ya mkurugenzi wake Mostafa Tolba wa Misri. Kwa hiyo habari hii haikutendeka mbali nasi kama wengi wadhanivyo.

Itifaki ya mwanzo haikutosha, kwani ilidai CFC zipunguzwe kwa nusu tu. Lakini iliandikwa kwa namna ambayo ingeweza kukazwa kila maarifa yalipoongezeka. Ilirekebishwa London mwaka 1990 na Copenhagen mwaka 1992, hata nchi tajiri zikatakiwa kuacha kabisa kutengeneza CFC ifikapo mwaka 1996. Nchi zinazoendelea zilipewa muda hadi mwaka 2010, na mfuko maalumu ulianzishwa kuzisaidia kubadili mitambo na kuwafunza mafundi majokofu. Tusisitize jambo hili darasani: nchi zilizochafua zaidi zilibebeshwa mzigo wa kwanza, ndiyo maana nyingine zilikubali kuwafuata. Ilipofika mwaka 2009, kila nchi iliyokuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeridhia Itifaki hiyo. Kiasi cha asilimia 99 ya kemikali zilizowekewa masharti zimekwisha kuondolewa katika matumizi.

Sababu ya pili ni jua lenyewe, ambalo halikuacha hata siku moja kutengeneza ozoni. Hapa ndipo mwanachuo wetu alikuwa na nusu ya ukweli. Uwezo wa kujaza pipa ni wa maumbile, lakini pipa lisingejaa kama tundu lisingezibwa.

Sababu ya tatu ni ngumu kidogo, na inatosha mwalimu aijue hata asipoifundisha. Hewa ya ukaa, ambayo huongeza joto karibu na ardhi, huipoza sehemu ya juu ya stratosfea. Ubaridi huo hupunguza kasi ya kuvunjika kwa ozoni katika sehemu hiyo ya juu, na hivyo husaidia kiasi chake kuongezeka huko. Hii haina maana kwamba hewa ya ukaa ni dawa. Madhara yake kwa hali ya hewa ni makubwa, na huko Antaktika baridi ndiyo inayolisha tundu.

Sababu ilithibitishwaje?

Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini si yeye aletaye jua. Vivyo hivyo, kule kupungua kwa tundu baada ya Itifaki hakutoshi kuthibitisha kwamba Itifaki ndiyo sababu. Mwalimu wa sayansi hana budi kuwazoeza watoto maswali matatu.

Kwanza, je, kuna njia inayoeleweka kutoka sababu hadi matokeo? Ipo. Mwaka 1987 ndege ya utafiti iliruka kutoka Punta Arenas, nchini Chile, ikaingia ndani ya tundu. Vipimo vilionyesha kwamba mahali klorini kali ilipopanda ghafla, ozoni ilishuka ghafla.

Pili, je, sababu ilipopungua, matokeo nayo yalipungua kwa mfuatano unaotarajiwa? Ndiyo. Klorini katika stratosfea ilifikia kilele mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ikaanza kupungua taratibu, na ozoni ikafuata.

Tatu, je, mambo mengine yametengwa? Swali hili ndilo lililochukua miaka mingi, maana ukubwa wa tundu hubadilika kila mwaka kwa sababu ya upepo, baridi na majivu ya volkano. Mwaka 2015 tundu lilikuwa kubwa mno baada ya mlima Calbuco wa Chile kulipuka. Mwaka 2019 lilikuwa dogo sana kwa kuwa stratosfea ya huko ilipata joto lisilo la kawaida. Mtu aliyetazama mwaka mmoja tu angekata tamaa mwaka 2015 na kushangilia mwaka 2019, na mara zote mbili angekosea. Mwaka 2016 Susan Solomon na wenzake walitenganisha athari hizo. Waliona kwamba tundu la mwezi Septemba lilikuwa limepungua kwa kiasi cha kilomita za mraba milioni 4 tangu mwaka 2000, na kwamba zaidi ya nusu ya upungufu huo ilitokana na kupungua kwa klorini. Mwaka 2025 watafiti wengine, naye akiwa miongoni mwao, walihitimisha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kupona kwa ozoni ya Antaktika kunatokana na kupungua kwa gesi haribifu.

Upo ushahidi mwingine, nao unatoka upande wa pili. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba gesi moja ya jamii ya CFC ilikuwa ikimwagwa tena angani tangu mwaka 2012 hivi, kinyume cha Itifaki. Mwaka 2019 ilibainika kwamba sehemu kubwa ilitoka mashariki ya China. Baada ya jambo hilo kufichuliwa, umwagaji huo ulipungua. Vipimo havikuachwa baada ya sahihi kutiwa, na ndivyo mkosaji alivyoonekana.

Hatua za somo darasani

Tunapendekeza vipindi viwili katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Zana zinazohitajika ni ndoo kuukuu yenye tundu dogo, beseni, kikombe, wino au rangi ya kutiwa katika maji, na kitambaa chekundu.

*Hatua ya kwanza: ndoo inayovuja.* Mtoto mmoja amimine maji katika ndoo kwa mwendo wa namna moja hadi kimo cha maji kitulie. Mwalimu atoboe tundu la pili. Watoto watazame kimo kikishuka. Kisha alizibe kwa nta au udongo mfinyanzi. Waulizwe: "Maji yanapanda tena. Ni kwa sababu ya anayemimina, au ya aliyeziba?" Waachwe wabishane mpaka waone kwamba wote wawili walihitajika, lakini kilichobadilika ni kuzibwa kwa tundu.

*Hatua ya pili: mchezo wa klorini.* Watoto 12 washikane mikono watatu-watatu. Hayo ni makundi 4 ya ozoni. Watoto 4 wasimame pekepeke kama atomu za oksijeni. Mmoja avae kitambaa chekundu. Huyo ni klorini. Klorini aende kwenye kundi, amtoe mtoto mmoja na kutembea naye. Atomu moja pekee ije imchukue mtoto huyo, wawe wawili, na klorini abaki huru kuliendea kundi jingine. Mwishoni darasa lihesabu: hakuna ozoni hata moja, kuna jozi 8 za oksijeni, na klorini bado ni mmoja yuleyule.

*Hatua ya tatu: rangi katika beseni.* Beseni litiwe vikombe 10 vya maji yenye rangi. Kila mara mtoto achote kikombe kimoja na kukimwaga, kisha atie kikombe kimoja cha maji safi na kukoroga. Hakuna aliyeongeza rangi, lakini rangi haiishi mara moja. Baada ya mara 7 itakuwa imebaki karibu nusu, na baada ya mara 7 nyingine karibu robo. Hapo mwalimu aeleze kwamba gesi kuu mbili za CFC hudumu angani kwa wastani wa miaka 50 hivi na 100 hivi. Ndiyo sababu makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwanzoni mwa mwaka 2023 yalitaja mwaka 2066 hivi kuwa ndio ambapo ozoni ya Antaktika itarudia hali ya mwaka 1980. Kwa eneo la Aktiki ulitajwa mwaka 2045, na kwa sehemu nyingine za dunia mwaka 2040, mradi Itifaki iendelee kufuatwa.

*Hatua ya nne: majadiliano.* Watoto wagawanyike katika vikundi, wajadili jambo lililoharibika kijijini au mtaani mwao, kama vile chemchemi au mteremko uliomomonyoka. Waeleze sababu yake, kitu cha kuachwa, nani aanze kukiacha, na muda utakaopita kabla ya nafuu kuonekana.

Makosa ya kuepuka

Kosa lililoenea zaidi ni kuwaambia watoto kwamba dunia inapata joto kwa sababu jua linapenya katika tundu la ozoni. Hayo ni mambo mawili tofauti. Joto la dunia huongezeka hasa kwa sababu ya hewa ya ukaa na gesi nyingine zinazozuia joto lisitoke. Uhusiano uliopo ni huu: CFC zenyewe huzuia joto pia, kwa hiyo kuziacha kulileta faida mara mbili. Gesi za HFC zilizoshika nafasi yake haziharibu ozoni, lakini nazo huzuia joto. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, Rwanda, zikakubaliana kuzipunguza.

Kosa la pili ni kusema kwamba jua letu ni kali kwa sababu ya tundu hilo. Tundu haliko juu ya Afrika Mashariki. Karibu na ikweta jua hupita utosini, na tabaka la ozoni huku ni jembamba kwa maumbile yake. Mwalimu mwenye mwanafunzi mwenye ualbino asimtishe kwa habari za Antaktika. Amsaidie kuketi mbali na dirisha lenye jua, avae kofia pana na mikono mirefu, wala asipangiwe kazi za nje wakati wa adhuhuri.

Upimaji

Maswali yafuatayo yatamwonyesha mwalimu kama somo limeeleweka:

1. Kwa nini tundu halikuzibika mwaka uleule CFC zilipoachwa?
2. Mwaka 2019 tundu lilikuwa dogo sana. Je, hiyo ilithibitisha kwamba ozoni imepona? Toa sababu.
3. Jua lina kazi gani katika kupona kwa ozoni, na watu wana kazi gani?
4. Taja jambo moja lililofanya nchi maskini zikubali kuacha CFC.

Jibu la swali la tatu lipewe uzito, kwa kuwa humo ndimo tofauti kati ya kukariri na kuelewa itakapoonekana.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya ozoni ufa ulionekana, ukapimwa, sababu yake ikajulikana, na watu wakakubaliana kuuziba kabla ukuta haujaanguka. Kazi hiyo haijakwisha. Mtoto wa darasa la sita wa leo atakuwa amevuka miaka 50 kabla Antaktika haijapona kabisa, na katika muda huo wote vipimo havina budi kuendelea. Nairobi ni mojawapo ya vituo ambako maputo yenye vyombo vya kupimia ozoni yamekuwa yakirushwa tangu miaka ya 1990, na huenda mmoja wa wanafunzi wetu akawa miongoni mwa watakaoyarusha.

Basi mwalimu mwanafunzi akiulizwa nani analiziba tundu la ozoni, asijibu kwamba linajiziba. Aseme hivi: "Jua linatengeneza ozoni kama lilivyofanya siku zote. Watu waliokuwa wakiiharibu wamekubaliana kuacha, na wanaendelea kupima ili kuhakikisha kwamba wameacha kweli." Mtoto atalielewa jibu hilo, na akiuliza swali la pili, mwalimu atakuwa na la kumwambia.